MAISHA YA MELI: KUUNDWA KWAKE, KAZI ZAKE NA MWISHO WAKE



Ndugu msomaji, mwanafunzi na mzazi, huenda ukajiuliza: sisi watu wa Usoke, tunaoishi katikati ya miombo na mashamba ya tumbaku, tuna haja gani na habari za meli? Jibu liko stesheni. Reli inayopita hapa kwetu kutoka Tabora kwenda Urambo, Kaliua na Kigoma haikufika Kigoma kwa bahati. Ilijengwa kwa makusudi ili ifike ziwani, na huko ziwani ikutane na meli. Kabla ya reli, njia hiyohiyo ya magharibi ilikuwa ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba vitambaa, shanga na pembe za ndovu kati ya pwani, Tabora na Ujiji, na walipofika Ujiji mizigo iliendelea kwa mitumbwi na majahazi.

Hata leo wengi wetu tuna jamaa Kigoma, Ujiji, Mwanza, Ukerewe na Bukoba, na wapo vijana wetu wanaokwenda Unguja na Pemba kutafuta elimu. Siku moja kila mmoja wao atasimama mbele ya ngazi ya meli au kivuko, na itambidi aamue apande au asipande. Kwa hiyo katika makala hii tutaeleza meli zinavyozaliwa, zinavyotumika, zinavyokwisha, na jinsi zinavyopinduka. Mwisho tutataja yanayompasa msafiri.

1. MELI ILIYOPITA NJIA YETU NDANI YA MASANDUKU

Meli mashuhuri kuliko zote katika Ziwa Tanganyika ni MV Liemba. Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen, yaani jina la gavana aliyeitawala Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita vya Maji Maji.

Je, meli yenye urefu wa mita zipatazo 70 ilifikaje katika ziwa lisilofikika kwa meli kutoka baharini? Mafundi waliiunganisha kwanza kule Ujerumani, wakahakikisha kila kipande kinakaa mahali pake, kisha wakaifungua tena yote. Vipande vikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, yakasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kupandishwa katika mabehewa. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, na Kigoma ikafikiwa mwaka 1914. Kwa hiyo meli hii ilipita katika nchi yetu ya Unyamwezi kwa njia ya reli, imelala vipande vipande, kabla haijagusa maji ya ziwa.

Kigoma, mafundi wachache wa Kijerumani pamoja na mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika waliiunganisha upya kwa misumari ya ribiti. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kuanza, kwa hiyo meli iliyokusudiwa abiria na mizigo ikafanywa meli ya vita. Ilifungwa hata mzinga uliotolewa katika manowari ya Königsberg, ile iliyoangamia katika delta ya Mto Rufiji mwaka 1915.

2. KUZAMISHWA NA KUIBULIWA

Mwaka 1916 Wajerumani walizidiwa. Wabelgiji waliingia kutoka magharibi, na tarehe 19 Septemba mwaka huo waliuteka mji wa Tabora. Kabla ya hapo, Wajerumani walipokuwa wakijiandaa kuondoka Kigoma, waliamua kuizamisha meli wenyewe ili adui asiipate. Lakini mafundi wake waliipaka mitambo grisi nyingi ili maji yasiile, wakaijaza meli mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa Mto Malagarasi.

Wabelgiji waliiibua, lakini ikazama tena. Baada ya vita nchi ikawa chini ya Waingereza, nao wakaiibua tarehe 16 Machi 1924. Walipoisafisha waliikuta mitambo ingali inafaa, kwa sababu ya ile grisi. Ikatengenezwa, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya la Liemba. Hilo ni jina la kale ambalo wenyeji wa upande wa kusini walikuwa wakiliita ziwa lenyewe.

Tazama jambo hili, ewe mwanafunzi. Mafundi walioamriwa kuiangamiza kazi ya mikono yao waliifanya amri hiyo kwa uangalifu wa fundi, na uangalifu huo mdogo wa kupaka grisi ukawafaa watu ambao wao hawakuwajua, kwa zaidi ya miaka 90.

3. KAZI ZAKE

Tangu 1927 Liemba ilikuwa ikienda na kurudi kati ya Kigoma na Mpulungu, nchini Zambia, ikipita mwambao wote wa Tanzania: Kalya, Ikola, Karema, Kipili, Kirando, Kasanga na vijiji vingine. Vijiji vingi havikuwa na gati. Meli ilisimama majini, ikapiga honi, na mitumbwi na boti ndogo zikaja ubavuni zimejaa watu, magunia ya dagaa, mchele, mahindi na kuku. Abiria walipanda na kushuka kwa kushikwa mikono, pengine usiku wa manane. Kwa vijiji ambavyo havikuwa na barabara, meli hiyo ilikuwa ndiyo barabara, ndiyo soko na ndiyo gari la wagonjwa.

Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke iliondolewa ikafungwa injini za dizeli, na mwaka 1993 ikafanyiwa matengenezo makubwa kwa msaada wa Denmark. Uendeshaji wake nao ulibadilika. Ilikuwa chini ya reli na bandari za Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 ikawa chini ya Shirika la Reli Tanzania, na kutoka hapo ikaingia katika Kampuni ya Huduma za Meli.

Kazi yake kubwa zaidi haikuwa ya biashara. Mwaka 1997 ilitumiwa na Umoja wa Mataifa kuwarudisha kwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015 machafuko yalipotokea Burundi, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia kijiji cha Kagunga, mahali pembamba kati ya mlima na ziwa, na kipindupindu kikaingia. Hapakuwa na barabara ya kuwatoa. Liemba ikawa inakwenda Kagunga na kurudi Kigoma, ikichukua watu wapatao 600 kila safari. Meli iliyowahi kubeba mzinga ikawa inabeba akina mama na watoto waliokimbia bunduki.

Kuanzia 2018 ilisimama kwa ubovu, na Serikali ikaandaa mpango wa kuikarabati. Hata hivyo, kwa meli ya 1913 kufikia umri huo ikiwa bado ni meli ni jambo adimu duniani.

4. KWA NINI MELI YA ZIWANI HUDUMU

Sababu ya kwanza ni maji. Chumvi ya bahari huharakisha kutu, na maji ya ziwa hayana chumvi nyingi. Chuma kilekile kinachooza baharini kwa miaka 30 kinaweza kudumu mara mbili au zaidi ziwani, kikitunzwa. Sababu ya pili ni kwamba meli ya ziwa haina pa kwenda. Ya baharini ikizeeka huuzwa nchi nyingine, lakini ya ziwani haitoki, kwa hiyo wenyewe hulazimika kuitengeneza tena na tena.

Mfano mwingine ni MV Victoria ya Ziwa Victoria. Iliundwa na kiwanda cha Yarrow, Glasgow, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jumuiya ilipovunjika ikabaki Tanzania. Ilisimama mwaka 2014 kwa uchakavu, ikakarabatiwa, na mwaka 2020 ikarudi katika safari za Mwanza na Bukoba.

Lakini maji ya ziwa yana jambo lake jingine ambalo kila mwanafunzi wa sayansi alielewe. Maji ya chumvi ni mazito zaidi kuliko maji baridi. Meli yenye uzito wa tani 1,000 ikiwa baharini husukuma mita za ujazo zipatazo 975 za maji, lakini ziwani husukuma mita za ujazo 1,000. Maana yake meli hiyohiyo yenye mzigo uleule huzama kidogo zaidi ziwani. Kwa ajili hiyo ubavuni mwa meli nyingi utaona duara lenye mstari katikati, na kando yake mistari yenye herufi. Alama hizo zilitiliwa nguvu na sheria ya Uingereza ya mwaka 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kuwapigania mabaharia waliokuwa wakipelekwa kufa katika meli zilizojazwa kupita kiasi. Mstari wa upakiaji ukizama chini ya maji, meli imezidishiwa mzigo. Huhitaji cheti cha unahodha kuliona hilo.

5. MELI HUISHIA WAPI

Meli zina miisho mingi, lakini tunaweza kuikusanya katika minne.

(a) Kuvunjwa. Meli nyingi za dunia huishia katika fukwe za India, Bangladesh na Pakistani, ambako hukatwa na chuma chake huyeyushwa. Nondo ya nyumba huenda jana ilikuwa ubavu wa meli.

(b) Kuachwa. Nyingine hufungwa gatini zikaliwa na kutu mpaka zikazama zenyewe.

(c) Kuuzwa na kubadilishwa jina. Hapa pana hatari kubwa kwetu. Nchi tajiri ikichoka na meli huiuza, na mnunuzi huileta katika maji ambayo meli hiyo haikuundwa kwa ajili yake.

(d) Kuzama pamoja na watu. Mwisho huu ndio mchungu, na ndio unaotuhusu zaidi.

6. MELI HUPINDUKA VIPI

Watu wengi hudhani meli huzama kwa kutoboka tu. Ajali nyingi za kwetu hazikuwa hivyo. Zilianza kwa meli kupoteza mizania.

Chukua baiskeli yenye gunia la mkaa. Ukilifunga gunia chini karibu na gurudumu, baiskeli hutulia. Ukilifunga juu ya kiti likasimama wima, baiskeli huyumba kwa kila jiwe. Uzito ni uleule, tofauti ni urefu wake kutoka chini. Meli nayo ni hivyo. Mzigo ukiwa katika ngama, meli hulala kidogo kwa wimbi kisha hurudi. Mzigo na watu wakijaa sitaha ya juu, hulala na isirudi. Mabaharia wa zamani wa majahazi walilijua hili; chombo kikiwa kitupu walitia farumi, yaani mawe au mchanga chini kabisa, ili kikae imara.

Jambo la pili ni maji yaliyoingia ndani. Beba karai lenye maji nusu kichwani, uone linavyokuvuta. Ukiinama kidogo kushoto, maji yote hukimbilia kushoto na kuzidisha kuinama kwako. Maji yakitapakaa ndani ya meli hufanya vivyo hivyo.

Jambo la tatu ni watu wenyewe. Meli ikiinama, abiria hukimbilia upande mmoja kwa hofu, au hujazana upande wa gati wakitaka kuwa wa kwanza kushuka. Watu 100 wana uzito wa tani tano au zaidi, na wakihama kwa pamoja, mzigo wa lori umehama.

7. AJALI NNE

MV Bukoba, 21 Mei 1996. Ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo ambako ilipakia watu na mizigo, pamoja na mikungu ya ndizi, kuelekea Mwanza. Ilikuwa na tatizo la mizania lililojulikana kabla ya ajali. Alfajiri, ikiwa imebakiza kilomita zisizotimia 60, ilipinduka. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, na waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 800 na 1,000. Meli ilikaa kichwa chini ikielea, na watu waliokuwa ndani wakawa wanagonga chuma. Waokoaji walitoboa tundu ili kuwatoa, lakini hewa iliyokuwa ikiielekeza juu ikatoka, na meli ikazama. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza.

MV Spice Islander, 10 Septemba 2011. Iliundwa Ugiriki mwaka 1967, kwa hiyo ilikuwa na umri wa miaka 44. Ilitoka Unguja usiku kwenda Pemba, siku chache baada ya Idi, wakati familia zilipokuwa zikirudi makwao. Ilizama karibu na Nungwi. Tume ya uchunguzi ilisema ilibeba watu zaidi ya 2,000, ambao ni zaidi ya mara tatu ya walioruhusiwa. Miili iliyopatikana ilikuwa kama 200 tu.

MV Skagit, 18 Julai 2012. Boti hii iliundwa Louisiana, Marekani, mwaka 1989, ikatumika kwa takriban miaka 20 kuvusha watu katika maji yaliyokingwa na visiwa karibu na mji wa Seattle. Mwaka 2011 iliuzwa, ikaletwa kwetu. Mwezi wa Julai katika mlango wa Unguja ni mwezi wa kusi, na bahari huchafuka. Ilitoka Dar es Salaam ikapinduka karibu na Chumbe, siku chache kabla ya Ramadhani. Hapo waweza kuona ile hatari tuliyoitaja: boti ya maji tulivu ilipelekwa katika bahari ya kusi.

MV Nyerere, 20 Septemba 2018. Kivuko hiki cha Ziwa Victoria kilikuwa na uwezo wa watu 101. Siku ya gulio kilitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara. Kilipinduka kikiwa kimekaribia gati. Waliokufa walikuwa 228 na waliookolewa 41. Jumlisha mwenyewe.

Ukizitazama ajali hizi utaona umri peke yake hauui meli. Liemba ilivuka miaka 100, na MV Bukoba ilizama ikiwa na miaka 17. Kinachoua ni mzigo kuzidi, mizania kupuuzwa, na meli kutumiwa mahali pasipo pake.

8. JINA LAKO LIANDIKWE

Pana jambo moja ambalo halisemwi sana, nalo linatugusa Waislamu moja kwa moja. Katika ajali ya MV Bukoba orodha ilikuwepo kwa abiria wa daraja la kwanza na la pili, lakini wa daraja la tatu hawakuandikwa. Mtu asiyeandikwa, na mwili wake usionekane, anakuwa nani katika sheria? Katika fiqhi anaitwa mafkudi, yaani aliyepotea isijulikane kama yu hai au amekufa. Mkewe aanze lini eda? Mirathi yake igawanywe lini? Wanazuoni wamehitilafiana juu ya muda wa kungoja, na kadhi huhitaji ushahidi. Jina moja katika karatasi ya gatini lingeweza kuwa ushahidi huo. Basi usione uzito kutaja jina lako kamili unapokata tikiti, wala usikubali kusafiri kwa tikiti ya mtu mwingine, wala usimfiche mtoto ili kuepuka nauli. Mtoto asiyelipiwa nauli naye ni roho, na uzito wake umo melini.

9. YANAYOMPASA MSAFIRI

(i) Kabla ya kupanda, tazama mstari wa ubavuni, na tazama kama meli imesimama sawa au imeinama.

(ii) Uliza uwezo wa chombo. Idadi ya abiria huandikwa. Ukiona watu wamezidi, shuka au usipande.

(iii) Jua jaketi la kuokolea liko wapi, na jifunze kulivaa kabla ya safari kuanza. Mvalishe mtoto lake.

(iv) Usikae katika ngazi wala mlangoni, na usihame upande kwa pupa, hasa mnapokaribia gati.

(v) Mweleze mtu wa nyumbani jina la chombo na saa ya kuondoka.

Najua lililo gumu ni la pili. Nauli imekwisha kulipwa, harusi ni kesho, mgonjwa anangoja, na wenzako wote wanapanda wakisema "Tawakkal". Lakini kutawakali huja baada ya kufanya sababu. Nabii Nuh (A.S.) aliahidiwa kuokolewa, na bado aliamrishwa kuunda safina kwa mikono yake, hakuambiwa akae juu ya gogo. Dua ya safari husomwa, na jaketi huvaliwa. Na mzazi anayemshusha mwanawe katika chombo kilichojaa, akapoteza nauli na kuchekwa gatini, amelipa bei ndogo kuliko iliyolipwa Igoma na Nungwi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia katika maji, awape subira jamaa zao, na awalinde wasafiri wetu wote, wa reli na wa meli. Aamin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini Graf von Götzen ililetwa Kigoma katika masanduku.
2. Kwa nini meli yenye mzigo uleule huzama zaidi ziwani kuliko baharini?
3. MV Nyerere ilibeba mara ngapi ya uwezo wake? Onyesha hesabu.
4. Mafkudi ni nani? Orodha ya abiria inamsaidiaje mjane na warithi?

Wabillahi tawfiiq.